Mtoto anaanza mbele ya mimba: baba wa mgodi naye ajitayarishe

Kwetu huku Katanga mimba inaanza kuhesabiwa siku ile mama anaingia CPN. Anapewa fishe, anapimwa uzito, anapimwa damu, anapewa dawa na mustikere. Siku ile mimba iko na miezi 3 ao 4, mara nyingine 5. Nyumbani watu wanafurahi, baba anaanza kutafuta makuta ya nguo za mtoto, na kila mutu anasema: sasa kazi imeanza.

Lakini kazi kubwa imekwisha kitambo. Uti wa mgongo wa mtoto na mfuko wa ubongo wake vinafungwa ndani ya siku 28 za kwanza. Katika siku hizo mama wengi hawajajua bado kama wako na mimba. Moyo nao unaanza kupiga katika majuma hayo ya kwanza. Mama akifika CPN kwa mwezi wa nne, munganga anaweza kulinda vile vilivyokwisha kujengwa. Kurudia msingi, hapana.

Ndio maana sisi wa sendika tunaandika leo juu ya wakati ambao hakuna anayeuhesabu: miezi 3 ya mbele ya mimba. Tutasema juu ya mama. Lakini tutasema sana juu ya baba, kwa sababu mambo yaliyopimwa hapa kwetu Lubumbashi yanamtaja yeye.

Walichokiona watafiti ku maternite

Kuanzia mwaka 2013 mpaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walifanya kazi katika maternite za Lubumbashi. Kati yao walikuwa profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu na profesa Benoit Nemery, watu wanaojulikana sana katika mambo ya mavumbi ya migodi yetu. Walichukua watoto 138 waliozaliwa na kilema kinachoonekana kwa macho, na watoto 108 waliozaliwa bila kilema, ili kuwalinganisha. Waliuliza mama anakula nini, anakunywa dawa gani, anafanya kazi gani, baba anafanya kazi gani. Walipima pia metali: katika damu, katika mkojo, katika kondo la nyuma, katika damu ya kitovu. Matokeo yalitoka mwaka 2020 katika gazeti la waganga The Lancet Planetary Health.

Mambo mawili yatushike sisi watu wa mgodi.

La kwanza: hatari ya mtoto kuzaliwa na kilema ilikuwa karibu mara 5 na nusu kwa watoto ambao baba zao wanafanya kazi inayohusu migodi. Ndilo jambo lililoonekana kwa nguvu kuliko yote. Wao wenyewe waliandika kazi ya baba, hawakuandika tu tumbo la mama.

La pili: mama waliokunywa vitamini wakati wa mimba walikuwa na hatari ndogo sana, karibu moja ya tano ukilinganisha na wale wasiokunywa.

Tuseme ukweli wote, maana mchimbaji hapendi kudanganywa. Watoto waliopimwa si wengi, kwa hiyo ile hesabu ya 5 na nusu inaweza kuwa ndogo kuliko hapo, ao kubwa zaidi. Tena watafiti hawakuweza kusema ni metali gani inayofanya kazi hiyo mbaya. Katika damu ya kitovu waliona manganezi ikipanda kwa watoto wenye kilema, lakini kwa metali nyingi hawakuona tofauti kati ya watoto hawa na wale. Na jambo kubwa la kukumbuka: vilema vya namna hii ni vichache. Watoto wengi wa wachimbaji wanazaliwa wazima, na wewe unayesoma hapa pengine ni mmoja wao. Hatuandiki ili watu waogope kuzaa. Tunaandika ili watu wazae kwa akili.

Neno juu ya bulozi

Tumekaa katika matanga na katika mabaraza ya familia, na tumesikia maneno yale yale. Mtoto akizaliwa kichwa kikubwa cha maji, ao mgongo wazi, ao mdomo umepasuka, wanaanza: "Huyu bibi alitembea inje." "Kuko mulozi ku upande wa mama yake." "Alikataa kupika chakula cha mama-mukwe." Mwanamke anarudishwa kwao na mtoto mgongoni. Baba anabaki na watu wanaomuhurumia, anatafutiwa bibi mwingine, na anarudi kazini Jumatatu, katika vumbi lile lile. Bibi wa pili naye akipoteza mimba, wanasema bulozi umefuata.

Ndugu zetu, hesabu ya Lubumbashi imetuonyesha kama kazi ya baba iko ndani ya mambo haya. Kumpiga mama vidole hakuponyeshi mtoto, na hakumlindi mtoto atakayekuja. Kichwa cha maji kinaweza kufanyiwa operesheni, mdomo uliopasuka unashonwa, mgongo wazi nao unahitaji munganga wa upasuaji haraka. Siku zinazopotea ku nyumba ya maombi ao kwa nganga ni siku mtoto anazozihitaji. Tusali, ndiyo, lakini tusali tukiwa tayari njiani kwenda hospitali.

Vumbi linavyofuata mutu mpaka nyumbani

Juu ya nini kazi ya baba ifike kwa mtoto ambaye hata mimba yake haijaingia? Waganga wanajua njia mbili.

Njia ya kwanza ni mwili wa baba mwenyewe. Mbegu ya mwanaume haitengenezwi kwa usiku mmoja. Inachukua siku karibu 74, na pamoja na siku za kusafiri ndani ya mwili inafika karibu miezi 3. Kwa hiyo mtoto anayeingia tumboni mwezi wa Desemba anatoka katika mbegu iliyoanza kutengenezwa mwezi wa Septemba. Chochote baba alichovuta, alichomeza, alichokunywa katika miezi hiyo, mbegu yake ilipita ndani yake. Risasi, kwa mfano, inajulikana tangu zamani kama inaharibu mbegu. Joto nalo linapunguza mbegu: yule anayesimama siku nzima mbele ya tanuru la kuyeyusha anajua joto lile, mwili wake unalijua zaidi. Tumbako na pombe kali zinaongeza mzigo. Wale wa lutuku tunawaambia bila kuficha: lutuku haimalizi uchovu wa kazi, inauweka tu mahali pengine.

Njia ya pili ni nguo. Baba anatoka kazini na salopeti yake, anapanda basi, anafika, mtoto mdogo anamrukia, bibi anampokea begi. Usiku salopeti inatundikwa nyuma ya mlango wa chumba. Kesho bibi anaikung'uta, anaifua katika beseni moja na nguo za watoto. Vumbi lililokaa shimoni sasa linakaa kitandani. Na kwa wachimbaji wa mikono ni zaidi: mifuko ya mawe inalala ndani ya nyumba, chini ya kitanda, juu ya kuogopa wezi. Kule Kasulo, Kolwezi, tangu mwaka 2014 watu walichimba mpaka ndani ya viwanja vyao, chini ya nyumba walimolala. Watafiti hawa hawa walipopima Kasulo waliona kobalti nyingi katika mkojo wa wakaaji, na watoto walikuwa nayo zaidi, watoto ambao hawajawahi kushika sururu. Waliipata wapi? Katika vumbi la nyumbani.

Hakuna mchimbaji mwenye akili anayeingia chini ya jiwe mbele ya kuangalia kama paa limeshika. Basi na nyumba nayo iangaliwe vile mbele ya kumwita mtoto.

Miezi 3 ya baba

Wewe na bibi yako mkikubaliana kama mnataka mtoto, hesabu miezi 3 nyuma. Katika miezi hiyo:

Oga ku kazi mbele ya kurudi, kama dushi iko. Kama haiko, oga inje ya nyumba, na kichwa pia, mbele ya kubeba mtoto na mbele ya kula. Acha nguo za kazi ku kazi. Zikija nyumbani, zifungwe ndani ya mfuko, zifuliwe peke yake, zisikung'utwe kavu, ziloweshwe kwanza. Wewe mwenyewe uzifue. Tunajua kuna wanaume watakaocheka. Wacheke. Unaloliondoa katika mikono ya bibi yako ni vumbi lako.

Viatu vya kazi visipite mlango. Ndani ya nyumba piga deki na kitambaa chenye maji, maana ufagio mkavu unarusha vumbi tu juu. Mifuko ya mawe itoke ndani ya chumba. Kama hakuna kabisa pahali pengine, ikae inje, ifunikwe, mbali na jiko na mbali na maji ya kunywa.

Nawa mikono mbele ya kula mkate wa saa nne. Hapo njo metali nyingi inapita: ku vidole, ku sigara, ku mdomo. Vaa maski inayofaa, si kitambaa kilichofungwa tu juu ya pua. Punguza pombe, acha sigara, na kama huwezi kuacha kwa siku moja, usivute karibu na bibi yako.

Na kama muko mwaka mzima mnatafuta mtoto na mimba haiingii, mwende wawili kwa munganga. Kumpeleka bibi peke yake ni kutafuta nusu ya jibu.

Miezi 3 ya mama

Kwa mama, jina la kwanza la kukumbuka ni asidi foliki. Ni vitamini inayosaidia ule mgongo na ubongo kufungika vizuri katika zile siku 28. Mwaka 1991, utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 7 ulionyesha kama mama waliowahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, wakikunywa asidi foliki mbele ya mimba na mwanzoni mwake, hatari ya jambo lile kurudi ilipungua kwa 72 kwa 100. Tangu hapo dunia nzima inajua. Mwanamke anayetaka mimba anashauriwa mikrogramu 400 kila siku, aanze angalau mwezi mmoja mbele, vizuri zaidi miezi 3, na aendelee mpaka mwisho wa mwezi wa tatu wa mimba. Yule aliyewahi kuzaa mtoto mwenye kilema cha mgongo ao cha kichwa anahitaji kiasi kikubwa zaidi, na hicho kinapangwa na munganga.

Angalieni kosa linalofanyika: dawa hii, pamoja na ile ya kuongeza damu, inagawiwa CPN. Yaani inafika kisha mgongo kufungwa. Inasaidia damu, ndiyo, lakini kwa mgongo imechelewa. Kwa hiyo usingoje tumbo. Nenda kituo cha afya, sema: "Tunatafuta mtoto, naomba asidi foliki." Si dawa ya bei kubwa. Usiinunue kwa yule anayetembeza dawa juani ndani ya kikapu.

Chakula kinasaidia. Lengalenga, matembele, maharage, kunde, karanga, mayai, vina foliki ao vina damu ndani yake. Lengalenga na matembele zipikwe muda mfupi, maana moto mrefu unaua foliki. Sombe ni mambo mengine: lazima itwangwe na ipikwe sana juu ya kuondoa sumu yake, kwa hiyo tusitegemee sombe peke yake. Samaki wadogo na nyama, hata kidogo, vinaleta damu ambayo bukari peke yake haiwezi kuleta. Chai nyeusi isinywewe pamoja na chakula, inazuia mwili kushika ayoni. Inywewe saa moja ao mbili kisha kula. Majani yanayotoka katika bustani za karibu na barabara ya malori ya mawe, ao yanayonyweshwa maji machafu ya kiwanda, yana vumbi na metali. Ukiweza, nunua ya pengine. Kama huwezi, osha kwa maji safi mara tatu.

Pemba. Tunajua mama wengi wanakula ule udongo mweupe, hasa mimba ikianza. Sokoni iko wazi, inauzwa kwa franga kidogo. Lakini udongo unaweza kuwa na risasi na metali nyingine, unaweza kuleta minyoo, na unazuia mwili kuchukua damu kutoka chakula. Risasi ikiingia mwilini inajificha katika mifupa kwa miaka, na wakati wa mimba mifupa inaifungua inapotoa kalsiamu ya mtoto. Kwa hiyo anayetaka kuacha pemba aache mbele ya mimba. Mara nyingi tamaa ile ni alama ya damu kupunguka: mama apimwe damu, atibiwe, na tamaa inaweza kupungua.

Nafasi kati ya watoto nayo ni dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja angalau miezi 24 kisha kuzaa mbele ya kutafuta mimba ingine, na angalau miezi 6 kisha mimba kutoka. Mwili wa mama ni sawa na akiba: ukitoa bila kurudisha, siku moja unafungua unakuta hakuna kitu. Vituo vyetu viko na huduma ya naissances désirables. Mwende wawili, mchague wawili.

Mwisho, mama aliye na ugonjwa wa sukari, presha ao kifafa asiache dawa peke yake, na asiingie katika mimba bila kumwambia munganga. Dawa fulani za kifafa zinaharibu mtoto katika siku zile zile za mwanzo. Munganga anaweza kubadilisha, lakini anahitaji wakati. Mbu naye hangoji mimba: mustikere ilaliwe kila usiku, kuanzia sasa.

Damu ya wawili

Kuna vipimo vinavyohusu baba na mama pamoja, na vingi vinapaswa kufanyika hata mbele ya ndoa.

Cha kwanza ni SS. Kama baba ni AS na mama ni AS, wote wawili wanaonekana wazima, wanafanya kazi, hawaumwi. Lakini kwa kila mimba, mtoto yuko na nafasi 1 juu ya 4 ya kuzaliwa SS. Kwa kila mimba, tunarudia. Wengine wanafikiri kama wa kwanza ni SS, basi watatu wanaofuata wamepona. Hapana, hesabu inaanza upya kila mara. Wazee wetu walikuwa wakiuliza ukoo mbele ya kupokea mali ya ndoa. Leo tuulize na damu.

Vingine ni kundi la damu na rezusi, virusi vya ukimwi, kaswende, na homa ya maini B. Kaswende isiyotibiwa inaua watoto tumboni, na dawa yake ni penisilini, dawa ya kitambo inayojulikana. Lakini ikitibiwa kwa mama peke yake, baba anairudisha nyumbani. Mwenye virusi vya ukimwi anayekunywa dawa zake vizuri anaweza kuzaa mtoto mzima. Kwa hiyo kipimo si hukumu. Tunasikia kila siku: "Miye siko mugonjwa, nitapimwa juu ya nini?" Unapimwa juu ya mtoto, ambaye hawezi kwenda kupimwa yeye mwenyewe.

Mama anayefanya kazi katika mawe

Tumesema juu ya baba, lakini mgodi si wa wanaume peke yao. Mama zetu wanaosha mawe mtoni, wanaponda, wanachagua, wanapakia mifuko ku depo. Wengine wako katika laboratware, katika usafi, katika kuendesha mashine kubwa. Wao wako na njia zote mbili za vumbi: katika mwili wao na katika nguo. Yule anayeosha mawe amesimama katika maji mpaka kiunoni, na mara nyingi mtoto mwingine yuko mgongoni.

Mwanamke wa kampani akisema mapema kama anatafuta mimba ao anayo, anaogopa kupoteza kazi. Uoga ule una msingi: tumeona mama wanaofunga tumbo na kitenge mpaka mwezi wa saba ili mkubwa wa ekipe asijue. Basi tuseme sheria inasema nini. Code du travail ya mwaka 2002 haikubali mimba iwe sababu ya kufukuza mfanyakazi. Inampa mama majuma 14 ya kupumzika kwa kuzaa, na katika majuma hayo anapata theluthi mbili za mshahara. Inamlazimisha patro kutoa matunzo ya hospitali kwa mfanyakazi na familia yake, wakati wa ugonjwa na wakati wa mimba na wa kuzaa pia. Wafanyakazi wa sutretansi nao ni wafanyakazi. Sheria haikuandika kama wao hawahesabiwi.

Tunachodai

Mashauri yote tuliyoandika yanamwangukia mfanyakazi: oga, fua, nunua, pima. Lakini dushi hainunuliwi na mfanyakazi. Mtu anayetoka shimoni saa kumi na mbili na kukuta bomba moja kwa watu mia hataoga, hata asome gazeti hili kila siku. Ndio maana kutayarisha mimba ni jambo la sendika, si jambo la chumba cha kulala peke yake.

Tangu miaka ya 1920, Union Minière ilipoamua wafanyakazi wakae kambini pamoja na bibi zao, kampani ilianza kupima wajawazito na watoto wachanga, juu ilitaka wafanyakazi wa kesho. Gécamines iliendelea na hospitali na maternite zake. Wakubwa wale walijua kama tumbo la mama wa kambi linahusu kazi ya shaba. Leo kampani ni nyingi, shaba na kobalti zinatoka kuliko zamani, na ni haki tuombe zaidi ya kupimwa tumbo.

Tunadai dushi zenye maji ya kutosha kwa kila ekipe, na muda wa kuoga uhesabiwe ndani ya saa za kazi. Tunadai kabati mbili kwa kila mfanyakazi, moja ya nguo za kazi, moja ya nguo safi, zisikutane. Tunadai nguo za kazi zifuliwe na kampani. Tunadai majibu ya vipimo vya mkojo na damu yapewe mfanyakazi mwenyewe mkononi, yasibaki katika droo ya ofisi. Tunadai mwanamke, na mwanaume pia, anayesema anatafuta mtoto aweze kuhamishwa kutoka pahali pa vumbi kubwa bila kupunguziwa mshahara. Na tunadai asidi foliki na vipimo vya mbele ya mimba viingie katika matunzo ambayo kampani inalipa. Ukilinganisha na bei ya tairi moja ya lori la mgodi, hiyo si kitu.

Katika kila kampani kubwa sheria inataka komite ya usalama na usafi wa kazi. Delege wako anakaa pale, ao anapaswa kukaa. Muulize katika mkutano unaofuata: dushi ngapi? Kabati ngapi? Majibu ya vipimo yako wapi? Kama komite haikutani, iandikwe, barua ipelekwe kwa inspekta wa kazi. Wachimbaji wa mikono muulize wakubwa wa koperative zenu mambo yale yale. Maji ya kuoga ku mashimo hayahitaji kampani kubwa, yanahitaji sehemu ndogo ya makuta mnayokatwa kila mfuko.

Na leo jioni, mbele ya delege hajajibu, kuna kitu ambacho hakingoji sahihi ya patro yeyote. Salopeti itoke nyuma ya mlango wa chumba. Mgeni akitangaza kuja, tunafagia nyumba mbele afike. Huyu mgeni atakaa kwetu maisha yake yote.